Heyrovský: Profesa wa matone ya zebaki aliyefungua njia ya kunasa masalia ya sumu kwenye mazao

MKULIMA anayenyunyizia nyanya dawa Jumatatu na kuzivuna Alhamisi haoni chochote kilichobaki kwenye tunda. Ngozi inang'aa, tenga limejaa, na mnunuzi sokoni hana macho ya kuona sumu.

Katika masoko ya Ulaya hali ni tofauti. Huko, kwa dawa ambayo haijawekewa kiwango chake maalumu, mpaka unaotumika ni miligramu 0.01 tu kwa kila kilo ya mazao. Hiyo ni sawa na gramu moja ya dawa iliyosambaa ndani ya tani 100 za mboga.

Wakulima wa mishiri na njegere nchini Kenya waliujua uzito wa tarakimu hiyo mwaka 2013, pale Umoja wa Ulaya ulipoanza kuchukua sampuli kwenye asilimia 10 ya shehena zao. Chanzo kikubwa kilikuwa masalia ya daimethoeti, dawa ya kuua wadudu ambayo wakati huo ilikuwa ya kawaida kabisa mashambani. Kila siku ambayo mzigo unasubiri majibu ya maabara ni siku ambayo mboga inanyauka na bei inashuka.

Ndiyo maana watafiti katika nchi nyingi wanahangaika kutengeneza kihisi kidogo, kinachofanana na kile kipimo cha sukari wanachotumia wagonjwa wa kisukari, ambacho kitaonyesha masalia ya viuatilifu papo hapo shambani kwa kutumia umeme mdogo sana. Siku hizi vihisi hivyo hupakwa chembe ndogo mno za dhahabu, kaboni au madini mengine, zile zinazojulikana kama nanomateria.

Ukiufuatilia ukoo wa vifaa hivyo, unarudi hadi mjini Prague, kwa mtu aliyekuwa akihesabu matone ya zebaki katika maabara ya chuo kikuu. Jina lake ni Jaroslav Heyrovský.

Mtoto wa mwanasheria

Heyrovský alizaliwa Desemba 20, 1890 mjini Prague, wakati mji huo ukiwa bado chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Alikuwa mtoto wa tano katika familia ya Leopold Heyrovský, profesa wa sheria ya Kirumi katika Chuo Kikuu cha Wacheki mjini humo. Mama yake aliitwa Klára.

Nyumba ya profesa wa sheria ni mahali ambapo kijana angetarajiwa kufuata vitabu vya sheria. Kijana huyu alivutwa zaidi na sayansi, na mwaka 1909 alijiunga na chuo kikuu hicho hicho kusoma kemia, fizikia na hisabati.

Hakukaa sana. Mwaka 1910 alikwenda London, katika University College, mahali ambapo Sir William Ramsay, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 1904, alikuwa akifundisha. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1913.

Huko London alikutana na Profesa Frederick Donnan, bingwa wa kemia ya umeme, ambaye alimpa kazi ya kuchunguza tabia ya aluminiamu inapotumika kama elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme kwenda au kutoka kwenye kimiminika. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha. Aluminiamu hujifunika kwa utando mwembamba mara tu inapogusa hewa au maji, na vipimo vya leo havifanani na vya jana.

Ili kuukwepa utando huo, Heyrovský alijaribu kuchanganya aluminiamu na zebaki na kuiacha idondoke polepole kutoka kwenye mrija mwembamba wa kioo, ili kila mara uso wake uwe mpya. Wazo hilo la uso mpya kila mara ndilo lililokuja kubeba maisha yake yote.

Kiangazi cha mwaka 1914 alikuwa nyumbani Prague kwa likizo, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na safari ya kurudi London ikafa hapo. Aliingizwa jeshini, akapangiwa hospitali ya kijeshi alikofanya kazi ya kutayarisha dawa na kupiga picha za eksirei. Katikati ya kazi hiyo aliendelea kuandika tasnifu yake kuhusu aluminiamu.

Mtihani uliobadilisha kila kitu

Mwaka 1918, miezi michache kabla ya vita kumalizika, Heyrovský alikaa mbele ya watahini wa shahada ya udaktari. Mmoja wao alikuwa mwanafizikia Bohumil Kučera.

Kučera alikuwa na tatizo lake mwenyewe. Alikuwa amebuni njia ya kupima mvutano wa uso wa zebaki kwa kuiacha idondoke ndani ya kimiminika chenye umeme, kisha kupima uzito wa matone yaliyodondoka. Katika baadhi ya vimiminika matokeo yalikwenda kombo, na hakukuwa na maelezo ya kuridhisha.

Mtahini aliuliza maswali kuhusu zebaki na umeme, mtahiniwa akajibu vizuri, na baada ya mtihani yakafuata mazungumzo. Kučera alimshawishi kijana huyo achukue kazi ya kutafuta sababu ya zile kasoro. Kwa mtu aliyekwisha kuteseka na aluminiamu, mrija wa kioo unaodondosha zebaki haukuwa kitu kigeni.

Kilichofuata kilikuwa miaka ya kazi ya mikono. Utaratibu wenyewe ni huu: unaweka volti fulani, unakusanya matone ya zebaki, unayaosha, unayakausha, unayapima kwenye mizani, kisha unaongeza volti kidogo na kuanza upya. Mchoro mmoja ungeweza kula siku nzima na kuendelea. Kučera mwenyewe alifariki dunia mwaka 1921 bila kuona jibu.

Wakati huo Heyrovský alikuwa amekwisha kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Charles, ndani ya taifa jipya la Chekoslovakia lililozaliwa mwaka 1918. Mwaka huo huo wa 1921 London ilimtunuku shahada ya juu ya sayansi.

Februari 10, 1922 alifanya kitu ambacho leo kinaonekana rahisi mno. Badala ya kupima uzito wa matone, aliunganisha galvanomita, kifaa cha kupimia mkondo mdogo wa umeme, na kuangalia ni umeme kiasi gani unapita kwenye zebaki kadiri anavyoongeza volti. Kimiminika kilikuwa myeyusho wa magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi.

Mkondo haukupanda sawasawa kama mtu apandaye mlima wenye mteremko mmoja. Ulitulia, ukapanda ghafla, ukatulia tena, mithili ya ngazi. Kila ngazi ilikuwa na sababu yake: ngazi moja ililetwa na oksijeni ya hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, nyingine na sodiamu yenyewe.

Heyrovský alitambua upesi kilichokuwa mbele yake. Volti ambayo ngazi inatokea inaeleza ni kitu gani kimo ndani ya kimiminika. Urefu wa ngazi unaeleza kipo kwa kiasi gani. Yaani tone moja baada ya jingine, zebaki ilikuwa ikitaja jina la kitu na kukitajia uzito wake kwa wakati mmoja.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, aliandika matokeo hayo kwa Kicheki katika jarida la kemia la nchini mwake. Nje ya mipaka ya taifa lake ni wachache walioweza kulisoma.

Kwa nini zebaki

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini itumike zebaki, kitu chenye sumu na kinachosumbua kukishika.

Kwanza, ni chuma kilicho kimiminika katika joto la kawaida, kwa hiyo kinaweza kudondoka. Kila baada ya sekunde chache tone la zamani linaanguka pamoja na uchafu wote uliojishika, na jipya linachukua nafasi yake likiwa safi kama la kwanza. Kipimo cha asubuhi kinafanana na cha jioni, jambo ambalo vipande vya aluminiamu kule London havikuweza kabisa.

Pili, kwenye uso wa zebaki maji hayavunjiki kirahisi kutoa haidrojeni. Hiyo humpa mpimaji nafasi pana ya volti za kufanyia kazi kabla mapovu hayajaharibu kila kitu.

Mgeni kutoka Japani

Kwa wasomaji wa kurasa za kilimo, sehemu hii ya maisha ya Heyrovský ndiyo yenye utamu zaidi, ingawa vitabu vingi huipita haraka.

Kupima ngazi kwa mkono, volti baada ya volti, bado kulichukua muda mrefu. Ndipo alipofika Prague mtafiti kutoka Japani aliyeitwa Masuzo Shikata, mtaalamu wa kemia ya kilimo kutoka Kyoto. Wawili hao walikaa pamoja na kutafuta mashine itakayofanya kazi hiyo yenyewe.

Mwaka 1924 mashine ilikuwa tayari. Pipa lenye waya lilizunguka taratibu na kuongeza volti. Wakati huo huo, mwanga uliorudishwa na kioo kidogo cha galvanomita ulichora kwenye karatasi ya picha iliyozungushwa ndani ya kasha lisiloingia mwanga. Baada ya dakika chache, karatasi ikisafishwa kama picha nyingine yoyote, mchoro wote ulikuwa hapo. Waliita mashine hiyo polarografu, na mwaka 1925 wakaitangaza kwa dunia.

Ilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kabisa vya maabara kujichorea matokeo bila mkono wa mtu. Kazi iliyokuwa ikimaliza saa nyingi ikawa ya dakika.

Shikata hakuishia hapo. Mwaka 1925 alichapisha majaribio yake juu ya naitrobenzini, kemikali yenye kundi la nitrojeni na oksijeni ambalo hupokea elektroni kwa urahisi kwenye zebaki. Hadi wakati huo tone la zebaki lilikuwa limetumika zaidi kwa madini na chumvi. Shikata alionyesha kwamba linaweza kutambua pia kemikali za asili ya kaboni.

Hakuna aliyekuwa akifikiria viuatilifu vya sasa mwaka ule. Robo karne baadaye wakulima wa Marekani na Ulaya walikuwa wakinyunyizia parathioni, sumu kali iliyovumbuliwa Ujerumani miaka ya 1940. Ndani ya molekuli ya parathioni limo kundi lile lile la nitrojeni na oksijeni.

Mwaka 1950 wakemia wa Marekani walichapisha njia ya kupima parathioni kwa polarografu. Njia ya mkemia wa kilimo kutoka Kyoto ilikuwa imefika shambani. Fenitrothioni, dawa ambayo Afrika Mashariki inaifahamu kwa kunyunyiziwa nzige, nayo ina kundi hilo hilo.

Mwalimu wa mataifa

Mwaka 1926 Heyrovský akawa profesa kamili wa kwanza wa kemia ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Charles. Mwaka huo huo alimuoa Marie Kořánová, na baadaye wakapata watoto wawili, Jitka na Michael. Michael alifuata nyayo za baba na kuwa mtaalamu wa kemia ya umeme.

Profesa huyo alielewa kikwazo cha kuandika kwa lugha inayosomwa na watu wachache. Mwaka 1929, akiwa na mwenzake Emil Votoček, alianzisha jarida lililochapisha utafiti wa Chekoslovakia kwa Kiingereza na Kifaransa. Ni uamuzi ambao watu wa nchi ndogo wanaufahamu vizuri: bidhaa nzuri bila barabara ya kuifikisha sokoni haina mnunuzi.

Mwaka 1933 alikwenda Marekani kama profesa mgeni, akatembelea vyuo vingi na kuonyesha chombo chake. Baada ya hapo maabara za Marekani zikaanza kukinunua. Mjini Prague kampuni ya Nejedlý ilikuwa ikitengeneza polarografu, na Marekani kampuni ya Sargent ya Chicago ikaingia katika biashara hiyo.

Wanafunzi wake nao hawakulala. Mwaka 1934 Dionýz Ilkovič, kijana wa Kislovakia, alipata kanuni ya hisabati inayounganisha urefu wa ngazi na kiasi cha kemikali kilichomo. Mwaka uliofuata yeye na mwalimu wake walieleza kwa nini volti ya katikati ya ngazi ni alama ya kudumu ya kila kemikali, haibadiliki hata kiasi kikipungua au kuongezeka. Rudolf Brdička, mwanafunzi mwingine, alipeleka chombo hicho upande wa protini na uchunguzi wa damu.

Viwanda vya chuma vilikitumia kupima madini yaliyomo ndani ya aloi, viwanda vya dawa vikapima ubora wa dawa, na wakaguzi wa chakula wakatafuta risasi na zinki ndani ya makopo.

Miaka ya giza

Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague. Novemba 17 mwaka huo Wanazi walivifunga vyuo vikuu vyote vya Kicheki. Viongozi tisa wa wanafunzi waliuawa, na wanafunzi zaidi ya 1,200 wakapelekwa kambini.

Kwa Heyrovský maana yake ilikuwa moja: maabara aliyoijenga kwa karibu miaka 20 ilikuwa inachukuliwa na wengine. Wenzake wengi waliachishwa kazi na kufungiwa milango.

Aliyemwokoa alikuwa Mjerumani. Profesa Johann Böhm, wa chuo kikuu cha Wajerumani mjini humo, alikuwa mpinzani wa Unazi. Alipopewa usimamizi wa maabara hiyo alimruhusu Heyrovský kuendelea na kazi yake. Mtu aliyekaa upande wa mvamizi ndiye aliyeuweka moto wa polarografia usizimike.

Katika miaka hiyo Heyrovský alikamilisha kitabu kikubwa kuhusu polarografia kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1941. Mwaka huo huo, upande wa pili wa bahari, Izaak Kolthoff na James Lingane walichapisha kitabu chao cha Kiingereza juu ya somo hilo hilo nchini Marekani. Pande mbili zilizokuwa zikipigana zilikuwa zikisomea sayansi ya mtu mmoja.

Vita ilipokwisha alirudi kwenye mihadhara na safari. Mwaka 1950 serikali ya Chekoslovakia ilianzisha taasisi maalumu ya polarografia na kumfanya mkurugenzi wake. Miaka miwili baadaye taasisi hiyo iliingizwa katika Akademia ya Sayansi ya nchi hiyo.

Nobel iliyochelewa

Jina lake lilikuwa likipelekwa Stockholm tangu miaka ya 1930, na kila mwaka Nobel ikaenda kwa mtu mwingine. Hatimaye mwaka 1959, akiwa na umri wa karibu miaka 69, alipewa tuzo ya kemia peke yake bila mshirika, kwa kuvumbua na kuendeleza njia ya polarografia. Alikuwa raia wa kwanza wa Chekoslovakia kupata Nobel.

Ilikuwa imepita miaka 37 tangu ile siku ya Februari. Shikata, aliyejenga naye mashine ya kwanza, hakuwamo katika tuzo hiyo, jambo ambalo mashabiki wa sayansi ya Japani wana haki ya kulinung'unikia.

Heyrovský alikuwa mtu wa maabara hata siku za mapumziko, lakini alipenda muziki na kupiga piano, na ujanani alikuwa mchezaji wa mpira. Wageni kutoka kila upande walipita kwenye taasisi yake, na mwenyewe alisafiri hadi China mwaka 1958 na Misri mwaka 1960 na 1961 kufundisha.

Alifariki dunia Machi 27, 1967 mjini Prague na kuzikwa katika makaburi ya Vyšehrad, wanakolala watu mashuhuri wa taifa hilo.

Kutoka zebaki hadi nanomateria

Ukweli usemwe: wakati anafariki, chombo chake kilikuwa tayari kimeanza kupoteza vita ya viuatilifu. Mwaka 1957 Mwingereza James Lovelock alivumbua kifaa cha kunasa elektroni ambacho, kikifungwa kwenye mashine ya kutenganisha gesi, kiliweza kuona masalia ya dawa kama DDT kwa kiasi kidogo mno. Maabara za chakula zikahamia huko, na hadi leo kipimo kinachokubalika na wanunuzi wa nje hutoka kwenye mashine kubwa za kutenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli zake.

Mashine hizo zinataka jengo lenye kiyoyozi, gesi safi, umeme usiokatika na mtaalamu aliyesomeshwa miaka mingi. Mkulima wa Karatu au Kirinyaga hawezi kuipeleka shambani. Anachoweza ni kupeleka sampuli mjini na kusubiri.

Hapo ndipo wazo la Heyrovský lilipopata maisha ya pili. Msingi ni ule ule: weka volti, pima mkondo, soma jina na kiasi. Kilichobadilika ni elektrodi. Badala ya mrija unaodondosha zebaki kuna kipande cha plastiki au kauri kilichochapishwa wino wa kaboni, kama vile fulana inavyochapishwa maandishi, kinachotumika mara moja na kutupwa.

Zebaki yenyewe inaondoka. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017 umezibana nchi zipunguze matumizi yake, na maabara nyingi zimehamia kwenye kaboni, dhahabu na bismuthi.

Lakini kipande cha kaboni kitupu ni kizito wa kusikia. Kwa masalia machache mkondo unaopita ni mdogo kiasi cha kumezwa na kelele za kifaa chenyewe. Chembe za nano huingia kutatua tatizo hilo. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukiipaka elektrodi mirija midogo mno ya kaboni, iliyopata umaarufu tangu mwaka 1991, au karatasi za grafini zilizotengwa mwaka 2004, eneo la kufanyia kazi huongezeka mara nyingi ndani ya nafasi ile ile, na elektroni hupita kwa wepesi zaidi. Ni kama kugeuza ukuta laini kuwa msitu wenye majani, ambapo kila jani linaweza kukamata kitu.

Chembe nyingine zina kazi ya kuvuta. Oksaidi ya zirkoniamu, kwa mfano, hupenda kushikana na fosfeti. Dawa za jamii ya organofosfeti zinapopita juu yake hunasa, zikajikusanya, kisha volti ikipanda zile zenye kundi la nitrojeni na oksijeni hutoa ngazi yao, sawasawa na naitrobenzini ya Shikata.

Njia nyingine hutumia kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi, kilichomo kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu na ya binadamu pia. Organofosfeti na karbameti huua kwa kukilemaza kimeng'enya hicho. Ndiyo maana mpulizaji asiyevaa kinga hutokwa na mate na jasho jingi, macho yakafifia na pumzi ikabana.

Watafiti hukibandika kimeng'enya hicho kwenye elektrodi na kukipa chakula chake. Kikiwa kizima, hutoa kemikali inayozaa mkondo. Ukidondosha maji yaliyosuuza mboga yenye masalia, kimeng'enya hulemaa na mkondo hushuka. Kadiri sumu ilivyo nyingi ndivyo mkondo unavyoporomoka. Mirija ya kaboni na chembe za dhahabu husaidia kazi hiyo ifanyike kwa volti ndogo, ili vitu vingine vilivyomo kwenye juisi ya mboga visiingilie.

Mfanyabiashara asiharakishe kufungua pochi, hata hivyo. Kihisi cha kimeng'enya husema kuna sumu ya jamii fulani, lakini hakisemi ni dawa ipi. Hakiioni mankozebu, ambayo wakulima wa nyanya huitumia sana dhidi ya bakajani, wala pareto za viwandani, kwa sababu hizo haziui kwa kugusa kimeng'enya hicho. Joto huharibu kimeng'enya, na banda la kufungashia mboga saa nane mchana si jokofu. Kifaa kilichofanya vizuri kwenye maji safi ya maabara huweza kuchanganyikiwa na juisi ya sukumawiki.

Kwa hiyo kazi ambayo kihisi kinaweza kuifanya kwa sasa ni kuchuja: kutenga tenga la mashaka lisubiri siku chache zaidi au lipelekwe maabara, kabla halijapakiwa kwenye ndege. Majibu ya mwisho bado hutolewa na mashine kubwa, na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ya dawa bado ndio kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Upande wa mifugo ya majini wazo la Heyrovský lilikwisha kufika zamani. Mwaka 1956 Mmarekani Leland Clark alitangaza elektrodi ya kupima oksijeni, iliyojengwa juu ya ngazi ile ile ya oksijeni iliyojitokeza kwenye vipimo vya Prague. Vipimo vya aina hiyo hutumika kwenye mabwawa ya samaki kujua kama sato wana hewa ya kutosha. Mwaka 1962 Clark huyo huyo na mwenzake wakaiongezea kimeng'enya, na hapo ndipo mzee wa kipimo cha sukari alipozaliwa.

Mjini Prague taasisi aliyoiongoza iliendelea, na sasa ni Taasisi ya Kemia ya Fizikia yenye jina la Jaroslav Heyrovský.